Picha Kumi na Tisa za Barabara ya Chini

Kofi la kwanza la maisha yangu ya ustaafu nilipigwa katika bustani ndogo ya mjini Meru, saa nne asubuhi, na mwanamume aliyekuwa ameketi kwenye benchi pamoja na mwanamke aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma. Sikuwa nawapiga picha wao. Nilikuwa napiga picha ya benchi la nyuma yao, lililovunjika mguu na kuinuliwa kwa matofali mawili. Yule mwanamume alikuja akanizaba, miwani yangu ikarukia nyasini. Kisha akataka nimwonyeshe picha. Nilimwonyesha. Aliliangalia lile benchi, akaniangalia mimi, akarudi kuketi. Yule mwanamke hakuacha kula.

Nilikuwa nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne. Nilipostaafu, mume wangu alikuwa ameshafariki, na daktari akaniambia presha na goti langu vyote vinataka dawa moja, kutembea. Binti yangu aliona nitachoka kutembea bure, akaninunulia kamera ya mtumba. Kila asubuhi nikawa naivaa shingoni na kuizunguka Kaaga, mtaa wetu, ambao watu wa mbali wanaujua kwa shule zake. Nilipiga picha za vitu ambavyo hakuna anayevipiga: mtaro uliojaa majani ya mgrivilea, geti jeusi lenye kufuli mbili, kibanda cha mboga kabla mwenyewe hajafika. Makanisa nilipiga zaidi ya yote, kwa sababu kwetu huwezi kutembea hatua mia bila kulifikia moja, la mawe au la mabati, au turubai tu lililofungwa kwenye miti.

Kamera ilinionyesha mambo ambayo macho yangu yalikuwa yameyazoea. Juu ya karibu kila ukuta kuna vipande vya chupa vilivyosimikwa kwenye simiti. Punda wa kubeba maji ana kidonda palepale anapopigiwa fimbo, na kidonda hakiponi kwa sababu fimbo haihami. Siku moja nilimkuta mama akimchapa mtoto kwa kandambili kando ya njia. Aliponiona na kamera aliacha, akajipangusa uso, akamvuta mtoto karibu naye, wakatabasamu wote wawili. Nilipiga. Nilipokuwa nimewapita hatua kumi nikasikia kandambili ikiendelea. Picha yao nzuri sana. Niliwahi kuiweka ukutani.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi. Katika barabara ya chini, ile inayoteremka kuelekea mtoni, kuna kanisa la mabati, na akina mama walikuwa wakilisafisha kwa ajili ya sherehe ya kesho yake. Walikuwa wameacha viatu vyao nje kwenye ngazi, jozi kama kumi na mbili, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kwa shida nikivipiga picha, ndipo niliposikia kelele nyuma ya kanisa. Mwanamke mmoja aliita mwizi. Neno hilo kwetu halihitaji kuitwa mara mbili.

Mtu mmoja alitokea kwenye kona ya kanisa akikimbia, mtungi wa gesi begani. Alikuwa mwembamba, wa miaka kama thelathini, mwenye shati la kijani lililokatika mikono. Mtungi ulikuwa wa jikoni mwa kanisa. Alinipita karibu sana hata nikasikia pumzi yake. Nilibonyeza. Hiyo ndiyo picha ya kwanza.

Hakufika mbali. Waendesha bodaboda walikuwa wamepaki pale chini, na mmoja aliinua tu pikipiki yake akaiweka katikati ya njia. Yule mtu alijaribu kuizunguka, akateleza, mtungi ukamtoka na kubingiria hadi mtaroni. Kabla hajainuka walikuwa juu yake. Kwanza walikuwa watatu, wakitumia mateke. Kisha akina mama wakafika na mifagio na ndoo, kisha wanaume kutoka majumbani, na mimi sikujua kwamba Jumamosi asubuhi kuna wanaume wengi hivyo katika mtaa wetu.

Mimi niliendelea kubonyeza. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu baadaye walinisimulia hadithi nyingine kunihusu. Nilisimama kando ya mtaro, nikalenga, nikabonyeza. Nilitafuta mahali penye mwanga. Picha ya tano inaonyesha mwanamke akishusha ndoo ya maji ya sabuni kichwani mwa yule mtu. Ya nane inaonyesha kiatu peke yake hewani. Katika ya kumi na moja, uso wake umeelekea kwangu na jicho la kushoto halionekani tena kwamba ni jicho.

Ya kumi na mbili ina jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa mzee wa kanisa, si wa lile la mabati bali la mawe, la juu. Uzio wetu ni mmoja, kichaka cha lantana, na nyumba zetu zimepakana kiasi kwamba akikohoa ninajua. Mume wangu alipozikwa, yeye alishika jeneza mbele, upande wa kulia. Katika picha amevaa koti lake la kahawia la kila siku, na ameinua mpini wa jembe kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepasua kuni. Katika ya kumi na tatu mpini umeshuka. Katika ya kumi na nne ameuinua tena. Uso wake hauna hasira. Nimeuangalia sana uso huo. Ni uso wa mtu anayemaliza kazi.

Kisha mtu akasema petroli. Mwendesha bodaboda mmoja alichomoa mpira kwenye tangi lake, akafyonza, akatema, akajaza chupa ya maji. Ile harufu ndiyo iliyoniamsha, siwezi kueleza vingine. Niliiachia kamera ining'inie shingoni nikaingia katikati ya watu. Sikwenda kumwokoa yule mtu. Nilikwenda kumshika jirani yangu koti na kumwambia twende nyumbani, kama unavyomwambia mtu aliyelewa kwenye arusi. Nililishika kweli. Nilimwambia, "Mzee, twende." Hakugeuka. Mtu mwingine alinisukuma kwa nyuma, goti likakataa, nikaanguka kifudifudi juu ya yule mtu aliyelala.

Chini pale palikuwa na joto. Alikuwa akipumua kwa kukoroma, na damu yake iliingia mdomoni mwangu. Petroli ilimwagika, ikanilowesha mgongo na mapaja, ikawasha kama pilipili. Rungu lililokusudiwa kichwa chake lilitua kwenye mkono wangu wa kulia, na nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Mtu alivuta kamera, mkanda ukanikaba, nikadhani nitakufa kwa kunyongwa huku nikingoja kuchomwa. Kisha mkanda ukakatika. Nilijaribu kuinuka. Nataka hilo lieleweke. Nilijaribu kuinuka nikamwache, na goti halikuniruhusu.

Niligeuza uso juu. Aliyeshika kiberiti cha gesi alikuwa mwanamume mwenye ndevu, ambaye nilimfundisha kusoma alipokuwa darasa la tatu. Alikuwa na shida ya kutofautisha herufi ya r na l. Aliniangalia muda mrefu, kidole gumba kikiwa juu ya kile kigurudumu kidogo.

"Ni mwalimu," akasema.

"Mtoe basi," mtu akamwambia.

"Ni mwalimu," akasema tena, akakiweka kiberiti mfukoni.

Wakati wanabishana nani aninyanyue, polisi wakafika, risasi mbili zikapigwa hewani, na barabara ya chini ikabaki na viatu. Sisi wawili tulipandishwa nyuma ya gari moja la polisi, yeye amelala, mimi nimekaa, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nasi kwa sababu ya harufu ya petroli.

Hospitalini walinifunga plasta hadi juu ya kiwiko. Ngozi ya mapaja ilitoka mabaka. Siku zilizofuata watu walikuja na maziwa, ndizi na sala, wakanisifu kwa ujasiri. Mchungaji wangu alisema nililala juu ya mwenye dhambi kama Kristo alivyofanya. Nilijaribu kusema kwamba nilianguka. Walicheka, wakasema ni unyenyekevu. Baada ya wiki nikaacha kubishana.

Kamera yangu ilirudishwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na miwani. Kioo cha kamera kilikuwa kimekanyagwa kikawa unga, lakini kadi ilikuwa ndani, nzima. Binti yangu alikuja kutoka Nairobi kuniuguza na alikuja na kompyuta yake. Tuliifungua kadi pamoja. Viatu kwenye ngazi, kisha yale mengine. Alizipitisha moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho akauliza, "Mama, hizi zote ulizipiga yeye akiwa anapigwa?"

Nilimwambia ndiyo.

"Ni kumi na tisa," akasema. Akaenda kupika chai.

Jirani yangu alikuja siku ya tatu, mchana, binti yangu akiwa sokoni. Alikuwa na koti lilelile, limefuliwa. Aliuliza hali ya mkono, tukaongea habari za mvua. Kisha akasema amesikia kadi haikuharibika. Nikakubali. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, ana wajukuu, na yule mtu alikuwa mwizi, na hata mwizi mwenyewe hawezi kukana. Wezi wameumaliza mtaa. Mwaka jana walimwibia mbuzi wawili, polisi wakamwambia alete mafuta ya gari ndipo waje kuangalia. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilimwambia ni kweli. Akaniomba nizifute zile picha.

Nilimwambia nitafikiria.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi nilikuwa nampiga mtu," akasema. "Wewe ulikuwa unapiga picha. Sisi wote tulikuwa tunapiga. Ungekuwa hutaki, ungeacha na picha ya kwanza."

 Alipoondoka nilikaa na kompyuta mapajani nikaiweka alama ile picha ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu, na ya kumi na nne, na ya kumi na tano, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Mkono wa kushoto si mzuri kwa kazi ndogo. Nilifikiria jeneza la mume wangu. Nilifikiria kwamba ana haki, na kwamba mtu mwenye haki anaweza kuwa ndiye huyohuyo aliyeshika mpini. Niliifunga kompyuta bila kufuta, lakini pia bila kuamua chochote.

Kuku ndio walioniamulia. Tulienda hospitali kubadilisha bandeji, tukarudi saa nane mchana. Madirisha manne ya mbele yalikuwa yamevunjwa kwa mawe, moja baada ya jingine, kwa utaratibu. Kuku wangu saba wa kienyeji walikuwa wamepangwa kwenye baraza kwa mstari, shingo zimekatwa, vichwa vimewekwa upande mmoja na miili upande mwingine. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa makaa: FUTA. Jua lilikuwa linawaka, nguo za majirani zilikuwa kwenye kamba, na hakuna hata mmoja katika barabara nzima aliyekuwa amesikia dirisha likivunjika.

Binti yangu alilia. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sikuwa nayo kwa ajili ya yule mtu mwenye shati la kijani, na hilo nalo linaniaibisha. Kuku niliwafuga tangu vifaranga. Tulienda kituoni jioni hiyohiyo na kadi ndani ya bahasha, nakala zikibaki kwenye kompyuta.

Kabla ya kesi nilienda kumwona yule mtu wa mtungi. Alikuwa bado wodini, taya limefungwa kwa waya, jicho la kushoto limeondolewa. Alikuwa mtu wa upande wa Ruiri, mfugaji ambaye ng'ombe wake waliisha kwa ukame, akawa anakuja mjini kutafuta vibarua. Alizungumza bila kufungua meno. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Alisema anakumbuka, nilikuwa mzito. Tulicheka kidogo, naye ikamuuma.

Aliomba kuziona picha. Muuguzi alisema si vizuri, lakini akasisitiza, nami nikamwekea kompyuta juu ya kitanda. Aliziangalia polepole kwa jicho moja, akigeuza shingo yote ili afikie upande wa kushoto wa kioo. Hakuuliza jina la mtu yeyote. Alipomaliza ya kumi na tisa aliniomba nirudi hadi ya kwanza, ile aliyokuwa akikimbia na mtungi begani.

"Hii nipe," akasema.

Nilimuuliza ya nini. Akasema hana picha nyingine ya uso wake. Ile ya kitambulisho ilipotea na kitambulisho chenyewe, na mtoto wake mdogo hatakumbuka kwamba baba alikuwa na macho mawili. Nilimwambia naweza kuikata, ibaki uso tu, mtungi usionekane. 

"Uache," akasema. "Niliubeba. Sikuuokota."

Nilimchapishia mbili, mjini, kubwa. Alipotoka hospitalini alishtakiwa kwa wizi, akakubali kosa, akafungwa miezi sita. Alipomaliza alirudi kwao, na sijamwona tena.

Kesi ya waliompiga ilichukua karibu miaka miwili. Watu watatu walishtakiwa, kwa sababu ni watatu tu ambao nyuso zao zilionekana wazi. Jirani yangu alikuwa mmoja. Mwendesha bodaboda aliyefyonza petroli alikuwa wa pili, na wa tatu alikuwa mwanamke wa ndoo. Yule wa kiberiti hakuwa kwenye picha yoyote, kwa sababu alipokitoa mimi nilikuwa chini, na sikumtaja. Wakili wao aliniuliza nilipiga picha ngapi kabla ya kusaidia. Nikasema kumi na tisa. Akauliza, na baada ya hapo nilisaidia? Nikasema, "Nilianguka." Mahakama yote ilicheka, isipokuwa hakimu. Lakini picha zilikuwa pale, na hakimu aliziangalia muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Mwanamke wa ndoo alipewa kifungo cha nje. Wale wawili walifungwa miaka mitatu.

Chama cha akina mama kilinitoa bila kuniambia. Nilijua tu nilipokuta mkutano umehamishwa. Nyama nikaanza kununua mjini kwa mchinjaji Mwislamu karibu na msikiti, ambaye hakujua habari zangu, au alizijua akanipimia sawasawa. Mara moja mtu alinirushia jiwe nikipita barabara ya chini, likanipata bega. Sikugeuka kuona ni nani.

Kuna jambo nimeliacha hadi hapa, na si kwa sababu nililisahau.

Wiki moja baada ya hukumu, mke wa jirani yangu alipita kwenye lantana, akaja hadi jikoni kwangu. Nilidhani amekuja kunipiga na nikaona ni haki yake. Aliketi. Nikampa chai kwa sababu sikujua la kufanya. Ni mwanamke mkubwa kunizidi kidogo, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, na kwa miaka ile yote tulikuwa tumepeana mbegu, chumvi na habari za watoto. Alisema mumewe amepelekwa gereza la mbali, na atamwona mara moja kwa mwezi. 

"Mtungi wa gesi umemfunga," akasema. "Mimi sikumfunga."

Nilimwambia sielewi, na nilikuwa naelewa.

Akasema amepigwa miaka ishirini na nane. Alivunjwa mkono huu, na mbavu, na mimba moja ilitoka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei za sokoni. Alisema ule mpini wa jembe anaujua vizuri kuliko ninavyoujua mimi kwenye picha zangu. Na uzio wetu ni wa majani tu.

Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu alikataza tuingilie, kwamba zamani ilikuwa hivyo, kwamba nilikuwa naongeza sauti ya redio ili watoto wasisikie. Hilo la redio ni kweli, nililifanya mara nyingi. Badala yake nikamwambia kama anataka, nitaenda naye kwa polisi, nitampiga picha makovu, kamera nimenunua nyingine.

"Sitaki picha," akasema. "Nataka useme kama ulisikia."

"Nilisikia," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Alikunywa chai yake yote, akauliza kama bado nina mbegu za sukuma wiki, nikampa kwenye karatasi. Kisha akasema ng'ombe hawajakamuliwa, akarudi kwake kwa njia ileile ya lantana.